Tamthilia Iliyobakiza Ugomvi Mmoja

Huenda umewahi kuuona ugomvi huu bila kujua ulikotoka. Wanawake wawili weusi wamo ndani ya chumba cha kitajiri, nywele zimetengenezwa, mavazi ya gharama. Maneno yanaanza taratibu, yanapanda, halafu mkono mmoja unaruka, na baada ya hapo hakuna tena wa kumwambia mwenzake basi. Vitu vinavunjika, samani zinapinduka. Klipu yenyewe ni fupi, picha yake imefifia kama mkanda wa VHS uliorekodiwa juu ya harusi ya mtu, na imezunguka mitandaoni kwa miaka. Mimi niliipata kwenye kundi la WhatsApp, chini yake vikaragosi vya kucheka visivyo na idadi.

Niliitazama mara nyingi na kucheka kila mara kabla sijauliza wanawake hawa ni nani. Mmoja ni Vivica A. Fox, miaka kadhaa kabla ya filamu zilizomfanya ajulikane. Mwingine ni Jonelle Allen, mwigizaji wa jukwaani aliyekuwa na jina Broadway tangu miaka ya 1970. Na tamthilia inaitwa Generations. Ukiliandika jina hilo peke yake kwenye intaneti, utaletewa ile ya Afrika Kusini, ya shirika la matangazo na mapenzi ya matajiri wa Johannesburg, ambayo wengi wetu tumewahi kuisikia. Hii ni nyingine. Ni ya Marekani, ilionyeshwa na NBC kuanzia tarehe 27 Machi 1989 hadi tarehe 25 Januari 1991, kisha ikazimwa. Episodi 407. Kwa mizani ya tamthilia za mchana za Marekani, huyo ni mtoto aliyekufa kabla ya kuota meno.

Tuseme kwanza ilichojaribu kufanya. Tamthilia za Marekani za mchana zilikuwa zimewahi kuwa na wahusika weusi. Mwaka 1968, One Life to Live ilimleta Carla Gray, aliyeigizwa na Ellen Holly, mwanamke mweusi ambaye watu walidhani ni mzungu, na hadithi yake ilishika watu. Lakini mara nyingi mhusika mweusi alikuwa mgeni. Alikuja na tatizo moja, likatatuliwa, akapotea. Alikuwa daktari anayetoa majibu ya vipimo, polisi anayegonga mlango, rafiki anayesikiliza matatizo ya mwenye hadithi. Hakuwa na shangazi, hakuwa na deni, hakuwa na nyumba tuliyoingia jikoni kwake. Generations, iliyobuniwa na Sally Sussman, ilianza siku ya kwanza na familia mbili za Chicago: akina Whitmore, wazungu, na akina Marshall, weusi. Akina Marshall wana biashara ya aiskrimu iliyofanikiwa. Bibi yao, Vivian Potter, aliyeigizwa na Lynn Hamilton, aliwahi kuwa mtumishi wa ndani kwa akina Whitmore.

Rudia sentensi hiyo ya mwisho, kwa sababu humo ndimo hadithi nzima ilipolala. Bibi alifua na kupika katika nyumba ile, na sasa wajukuu wake wanakutana na wajukuu wa nyumba ile kama watu wa hali moja. Mwandishi mzuri angeweza kuishi ndani ya uhusiano huo miaka thelathini bila kuishiwa: nani anakumbuka nini, nani anajifanya amesahau, nani bado anamwita bibi kwa jina lake la kwanza.

Nimetazama kila kipande nilichoweza kukipata, vingi vikiwa vimekatwa mwanzo au mwisho, na sitasema uongo kwamba tumepoteza kazi bora isiyo na dosari. Kasoro yake naiona wazi. Akina Marshall ni wema mno. Wanazungumza kama watu wanaojua kwamba taifa zima linawatazama, na ninavyoona, waandishi wao walijua hivyo hivyo. Ukiwa ndiyo familia ya kwanza, nani atathubutu kukuandika mwizi, mzinzi, mlevi? Lakini tamthilia ya namna hii haiendi bila mtu wa kusukuma tope. Tunakaa kumsubiri yule mwanamke anayesikiliza mlangoni. Bila huyo, kinachobaki ni mahubiri yenye matangazo ya sabuni katikati.

Kwa hiyo ule ugomvi tunaouchekea, wa Maya wa Vivica Fox na Doreen wa Jonelle Allen, mimi sasa nauona tofauti. Doreen ana hila, ana njaa, na Allen anamwigiza kwa mwili mzima kama mtu aliyezoea ukumbi wenye watu elfu moja. Anapoingia, chumba kinapata joto. Pale ndipo naiona tamthilia ikiacha kuomba radhi kwa kuwapo. Wanawake wawili weusi wanaruhusiwa kuwa wabaya, wapumbavu, wenye wivu, na kuharibu fanicha ya mtu, jambo ambalo wazungu wa tamthilia nyingine walikuwa wakilifanya kila wiki bila yeyote kuhesabu.

Sasa tuje kwenye saa. Generations iliwekwa saa sita na nusu mchana. Saa hiyo hiyo, kwenye CBS, ilikuwa inaanza The Young and the Restless, tamthilia iliyokuwapo tangu 1973 na ambayo wakati huo ndiyo kwanza ilikuwa imekalia kiti cha kwanza kwa watazamaji. Na ilipendwa sana na watazamaji weusi pia, yaani watu wale wale ambao akina Marshall walitumwa kuwaita. Hebu fikiria unachomwomba mama aliyemfuatilia mhusika mmoja kwa miaka kumi na sita, akamwona anaolewa, anaachwa, anafiwa, anaolewa tena. Unamwomba awaache watu wake mezani, aende akasalimiane na wageni.

Ninapoambiwa kwamba tamthilia fulani «haikupata watazamaji», husikia kana kwamba watazamaji ni embe lililodondoka mahali, ukiwahi unaliokota. Nyumbani kwetu hawakupatikana hivyo. Tulianza kutazama tamthilia za Meksiko kwa sababu taarifa ya habari ilikuwa imekwisha na hakuna aliyenyanyuka kuzima. Wiki ya kwanza tulikuwa tunawacheka. Wiki ya tatu mtu akachelewa kuepua wali. Mapenzi yalikuja baada ya mazoea, na mazoea yalikuja kwa sababu kitu kilikuwa pale pale, saa ile ile, iwe tumekihitaji au hatukukihitaji. Tena zile za Meksiko zina huruma moja: zinaandikwa zikiwa na mwisho wake. Miezi michache, harusi, msaliti anapata haki yake, kwaheri. Tamthilia ya mchana ya Marekani, au ya jioni ya Uingereza, haina mwisho katika mpango wake. Ikikatwa, imekatwa katikati ya sentensi, hata kama waandishi wamepewa wiki kadhaa za kufunga mizigo.

Waingereza wenyewe wanalijua jambo hili kuliko wanavyokiri. Coronation Street ilipoanza Desemba 1960 ilikuwa imeagizwa episodi 13 tu, na mhakiki wa Daily Mirror alitabiri haifiki mbali. Ipo hadi leo. EastEnders ya BBC ilianza Februari 1985 saa moja jioni, na majira ya joto ya mwaka huo watazamaji wakawa wanapungua, kwa sehemu kwa sababu ilikuwa ikigongana na Emmerdale Farm ya ITV. Mkuu wa BBC1, Michael Grade, hakuifuta. Aliisogeza nusu saa mbele. Krismasi ya mwaka 1986 episodi yake moja ilihesabiwa kuwa na watazamaji takriban milioni 30, marudio yakijumlishwa. Hakuna aliyeandika skripti upya usiku kucha. Mtu alisogeza mshale wa saa, akasubiri.

Waliobuni EastEnders, Julia Smith na Tony Holland, ndio hao hao waliopewa Eldorado mwaka 1992. Hapa nilitaka sana kuandika utetezi. Nilikuwa nimeshapanga hoja: jina hili limegeuka utani Uingereza, kila mradi wa televisheni ukianguka unaitwa Eldorado nyingine, na wanaolitaja hawajatazama hata dakika kumi. Kisha nikatazama episodi za kwanza.

Ni mbaya. Hadithi imewekwa Los Barcos, mji wa kubuni wa pwani ya kusini mwa Hispania, kati ya Waingereza waliohamia kufuata jua. BBC ilijengewa kijiji kizima milimani karibu na Coín, mkoa wa Málaga, majengo halisi ya kuta ngumu, na kuta hizo zinarudisha sauti. Watu wanazungumza mapenzi kama wamo ndani ya tangi la maji. Waigizaji kadhaa ni wapya kabisa na inaonekana. Wanasubiri zamu yao ya kusema. Mzee anayeitwa Bunny anarudi kutoka Uingereza na mke wa miaka 17, na tamthilia haijui kama hilo ni kichekesho au msiba. Fedha zilizotajwa magazetini zilikuwa pauni milioni 10, na nadhani ndizo zilizoiua kwanza, kwa sababu kazi mbovu ya bei rahisi watu huisamehe. Huo pia ulikuwa wakati ambao serikali ilikuwa inajadili mustakabali wa BBC na fedha za leseni. Mhusika akikosea mstari mmoja, ilikuwa kana kwamba amekula kodi ya mtu.

Lakini kuna shtaka moja nakataa kulibeba. Walilalamika kwamba Wajerumani wa Los Barcos wanazungumza Kijerumani na Wahispania Kihispania, bila maandishi ya tafsiri chini ya skrini. Mimi nimetoka mahali ambapo wazee walikaa sinema za Tanga na Unguja wakatazama filamu za Kihindi tangu mwanzo hadi mwisho, wakalia panapostahili kulia, na neno la Kihindi hawalijui zaidi ya matatu. Kutoelewa kila neno katika mji wa wahamiaji ndiyo hali halisi ya mji wa wahamiaji. Kwa macho yangu hicho kilikuwa kitu cha kweli kuliko vyote katika wiki zile za kwanza, na kilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kurekebishwa.

Smith aliondoka mapema. Akaja mtayarishaji mpya, Corinne Hollingworth, akapunguza waigizaji, sauti ikatengenezwa, na hadithi ikamwegemea Marcus Tandy, tapeli aliyeigizwa na Jesse Birdsall. Tandy ni yule msikilizaji wa mlangoni niliyemtaja. Anajua yuko kwenye tamthilia ya aina gani na anaifurahia. Episodi za mwaka 1993 si kazi kubwa ya sanaa, ila zinatazamika, na watu walikuwa wameanza kurudi. Ikawa kazi bure. Alan Yentob, mkuu mpya wa BBC1, aliamua kuifuta, na mwezi Julai, baada ya mwaka mmoja na episodi 156, ikafungwa. Tandy anaponea chupuchupu bomu la gari na kuondoka kwa boti na mpenzi wake Pilar. Anaondoka akiwa ndiyo kwanza ameanza kunoga.

Naziweka hizi mbili pamoja ingawa hazilingani. Eldorado ilikuwa na kijiji, na fedha, na waandishi wenye sifa, na bado nusu ya mwaka ilipotea kwa makosa yake yenyewe. Aliyeifuta sina hakika kama alikosea. Najua tu kwamba alihukumu mgonjwa aliyekuwa anaanza kuomba chakula. Ya akina Marshall inaniuma zaidi. Sioni kosa lao kubwa isipokuwa woga wa kuwa wa kwanza, na woga huo ulikuwa unaanza kuwatoka. Baada ya kuzimwa, BET, kituo cha watazamaji weusi, kilirudia episodi zake kwa muda. Ile Generations ya Afrika Kusini, iliyobuniwa na Mfundi Vundla, nayo ya weusi wenye biashara na tamaa zao, ilikaa hewani miaka ishirini hivi, ikanusurika hata waigizaji wake 16 walipofukuzwa kwa mkupuo mwaka 2014, ikarudi mwezi Desemba mwaka huo huo na jina lililoongezwa maneno mawili. Imekuwa mbaya miaka mingine, watu wakaisema, wakaendelea kuitazama.

Marekani ilibidi isubiri hadi Februari 2025 ndipo CBS ianzishe Beyond the Gates, tamthilia ya mchana inayosimama juu ya familia nyeusi tangu siku ya kwanza. Miaka 34 tangu Generations izimwe. Nimeianza. Wabaya wapo, tena wengi, na hakuna anayeomba radhi.

Kristoff St. John, aliyeigiza kijana Adam Marshall, hakukaa bila kazi muda mrefu. Mwaka huo huo wa 1991 aliajiriwa kwenye The Young and the Restless, ile ile ya saa sita na nusu, kuwa Neil Winters. Waandishi wakampa kazi, ndoa, pombe, aibu, watoto, upofu, msamaha. Alibaki humo hadi alipofariki mwaka 2019.