Picha Iliyomfikisha Mzazi Hospitalini

Mtoto asiyeona mbali hajui kwamba haoni mbali. Ukungu ulioko ubaoni anadhani kila mtu anauona. Hapa Majengo ya Meru utamjua kwa kukunja uso, kuhamia dawati la mbele, au kunakili kwa jirani yake mpaka mwalimu amwite mvivu. Nyumbani, mama anamwona akichambua maharagwe bila kupitwa na kijiwe hata kimoja, basi anaapa kwamba macho ya mwanawe ni mazima. Wa kumshawishi ni huyo mama.

Ndiyo sababu jaribio la kupima macho shuleni lililofanywa Kitale, kaunti ya Trans-Nzoia, linafaa kufunguliwa kama fundi anavyofungua redio. Liliongozwa na Dkt. Hillary Rono, daktari wa macho wa huko huko, na matokeo yakachapishwa mwaka 2018 katika jarida la Lancet Global Health. Shule 50 ziligawanywa kwa bahati nasibu. Katika 25, walimu walipima kwa kadi ya herufi E iliyogeuzwa huku na huku, na mtoto aliyeshindwa akapewa barua ya rufaa. Katika 25 nyingine, walimu walitumia programu ya Peek kwenye simu. Mtoto aliyeshindwa alibeba nyumbani picha iliyochapishwa, inayoonyesha ukungu anaouona yeye, kisha wazazi wakakumbushwa kwa ujumbe mfupi wa simu.

Sasa tazama hesabu. Simu iliwanasa watoto 531, karibu asilimia 5 ya waliopimwa. Kadi iliwanasa 366, karibu asilimia 4. Tofauti si ya kushangaza. Lakini waliofika hospitalini walikuwa asilimia 54 upande wa simu, na 22 upande wa barua. Pengo hilo halikutokana na ubora wa kipimo. Lilifunguka baada ya kipimo, njiani kati ya shule na hospitali. Picha na ujumbe vilitumika pamoja, kwa hiyo jaribio haliwezi kututenganishia kilichofanya kazi zaidi. Mimi naiegemea picha: barua humwambia mama kwamba mtoto ana shida, picha humvalisha macho ya mwanawe kwa dakika moja.

Kipimo cha mwalimu hakisemi ugonjwa ni upi. Hospitalini mtoto hutiwa matone ya kulegeza msuli wa lenzi kabla ya kupimwa, kwa kuwa jicho changa hujikaza na kujifanya lina shida kubwa ya kutoona mbali kuliko iliyopo. Anayeruka hatua hiyo huishia kuandika miwani mikali kupita kiasi. Mtoto anayehitaji miwani ya hasi 3, akiwa bila miwani, huona vizuri hadi sentimita 33 hivi, umbali wa daftari, na zaidi ya hapo kila kitu kinaanza kuyeyuka. Chanzo ni jicho lenyewe kurefuka, na haliachi kurefuka kwa sababu tu miwani imenunuliwa. Ile hofu ya vibarazani kwamba miwani huharibu macho imegeuzwa kichwa chini: utafiti wa Malaysia wa mwaka 2002 uliwapa watoto miwani hafifu makusudi, na macho yao yakazidi kuharibika kuliko ya waliopewa nguvu kamili.

Kuna matone ya atropini ya kiwango kidogo, na lenzi maalumu za kupunguza kasi ya jicho kurefuka. Kwa familia ya kibarua bei yake ni mazungumzo mengine. Jua ni la bure. Huko Guangzhou, China, shule ziliongeza dakika 40 za kukaa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, asilimia 30.4 ya watoto walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, dhidi ya 39.5 katika shule ambazo hazikuongeza. Sisi tuna jua la kutosha, ila tumelifungia nje kwa tuisheni ya Jumamosi.

Ila Kitale ilihesabu safari ya kwanza tu, nayo miwani ya mtoto anayekua inaweza kupitwa na jicho ndani ya mwaka. Namba ya simu ya mama tayari imo kwenye mfumo. Ujumbe wa pili, wa miezi sita baadaye, hauhitaji mtambo mpya: Mlete mtoto apimwe tena, na aje na miwani yake.