Mwanamke Aliyewaandikia Faru

Ukitoka Tlawi na kushuka mlima Magara kuelekea Mbuyu wa Mjerumani, Bonde la Ufa linafunguka mbele yako. Ni nchi za kaskazini mwa Tanzania kama hizi zilizoonekana katika majumba ya sinema duniani mwaka 1962, kupitia filamu ya Hatari! Watu humkumbuka John Wayne akimkimbiza faru kwa gari. Mimi humkumbuka aliyeandika mswada, Leigh Brackett.

Alizaliwa Los Angeles mwaka 1915, akaanza na hadithi za sayari ya Mirihi. Riwaya yake ya upelelezi ya mwaka 1944 ilimpendeza mwongozaji Howard Hawks, aliyeagiza aitwe huyo bwana Brackett. Akaingia mwanamke, akapewa kazi ya kuandika mswada wa filamu ya The Big Sleep pamoja na William Faulkner. Inasimuliwa kuwa mwigizaji Humphrey Bogart alikwenda kumlalamikia Brackett kuhusu maneno yaliyokuwa laini mno, akaambiwa hayo ni ya Faulkner. Makali yalikuwa ya Brackett.

Kazi ya Hatari! ilikuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu mnyama hasomi mswada. Mwishoni mwa 1960 na mapema 1961 waigizaji wenyewe walikamata wanyama, wengine karibu na Momella chini ya Mlima Meru. Likitokea la kutokea, hadithi ilibidi iligeukie. Mwandishi mwenye kiburi angeshindwa. Brackett aliacha nafasi, kama mzee wa Kiiraqw anayetamka slufay, sala ya jadi ya kwao, huku akiwaachia wasikilizaji mahali pa kuitikia.

Tazama mwanzo wa filamu. Faru amemjeruhi mwindaji aitwaye Indian, wenzake wako hospitali, roho juu. Anatokea Mfaransa kijana, Chips, anaomba nafasi ya mgonjwa. Kurt, mmoja wa wenzake mgonjwa, anampiga ngumi. Muda si mrefu inajulikana kwamba damu inayohitajika ni ya aina ya Chips. Hakuna anayeeleza tabia ya mtu yeyote, lakini tayari tunajua nani ana hasira, nani ana njaa ya kazi, na kwamba hawa watu watalazimika kuishi pamoja. Huo ndio ufundi ninaousifu: tabia inayojitokeza kazini, maneno machache, hatari ikiwa imesimama mlangoni.

Wenyeji wa Tanganyika wamepewa maneno machache sana katika filamu hiyo, na hilo linaniuma, kwa sababu kalamu iliyoweza kumsubiri faru ingeweza pia kumsikiliza Mmaasai.

Baadaye Brackett aliandika The Long Goodbye, iliyotoka mwaka 1973. Mapema 1978, akiwa na saratani, alikabidhi rasimu ya The Empire Strikes Back, akafariki wiki chache baadaye. Wengine waliiandika upya, na filamu ilipotoka mwaka 1980, jina lake lilikuwemo pamoja na la Lawrence Kasdan.