Mgeni, Mwenyeji na Jembe: Suala la Kupokelewa Mjini katika Vuta N'kuvute

Mhakiki wa riwaya ya Kiswahili ana mazoea ya kuuhukumu mji kabla hajaufikia. Msichana akitoka kwao na kuelekea mjini, wasomaji huwa wamekwisha kuujua mwisho wake: ataharibika, kisha ataangamia au atarejea shamba. Rai hii haikosi mashiko. Katika Nyota ya Rehema (1976) ya Mohamed Suleiman Mohamed, Rehema anaikimbia nyumba ya baba yake, mji unamtumbukiza katika kuuza mwili, na afueni anakuja kuipata kwa Sulubu, mkulima. Katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, Maimuna anatoroka utawa wa nyumba ya Bwana Maksuudi na kuishia mikononi mwa Mama Jeni. Mwandishi wa makala haya amezifundisha riwaya hizi kwa miaka mingi chini ya anwani moja, "Mji kama Mpotoshaji", na wanafunzi wakaandika insha safi wakapata alama nzuri. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba anwani hiyo haitoshi, na kwamba Vuta N'kuvute (1999) ya Shafi Adam Shafi inatulazimu kuibadilisha. Dai letu ni kwamba kinachoamua hatima ya mhamiaji si mji wenyewe, bali ni aina ya umwenyeji anaokutana nao.

Kwanza tuutazame umbali. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa akiwa na miaka 15 kwa Bwana Raza, mwenye duka wa miaka 52, anamtoroka mumewe, na jamaa zake wanamfungia mlango. Anakoishia ni Ng'ambo, kwa Mwajuma. Kwa miguu, toka Mji Mkongwe hadi Ng'ambo ni mwendo mfupi mno. Mkono wa bahari uliokuwa ukizitenga sehemu hizo mbili za mji wa Unguja ulifukiwa, na barabara ikapita juu yake. Jina la Darajani ndilo linaloendelea kukumbusha kwamba palikuwa na daraja. Hata hivyo, katika Unguja ya miaka ya 1950, ambamo rangi na kabila ziliamua mtu akae wapi na ale na nani, hatua hizo chache ni safari ndefu kuliko ya Maimuna. Yasmin anahama lugha ya nyumbani, chakula, mavazi, na jina jema la ukoo. Kwake yeye Ng'ambo ni mji mpya kabisa, ingawa amezaliwa karibu nao.

Wahenga wamesema mgeni ni kuku mweupe. Methali hii aghalabu hufasiriwa kuwa ni onyo kwa mgeni ajichunge, kwa kuwa anaonekana na kila jicho. Kwa Yasmin weupe huo si sitiari tu. Uhindi wake unaonekana katika kila uchochoro, na kila aonekanapo pana swali: huyu amefuata nini huku? Uzuri wa usawiri wa Shafi ni kwamba swali hilo halijibiwi kwa hotuba kuhusu usawa wa binadamu. Linajibiwa na Mwajuma kwa kitanda, sahani na usuhuba. Mwajuma hana mali, na hamwokoi Yasmin kwa maana ya kumrejeshea alichopoteza. Anamwingiza katika maisha aliyo nayo yeye mwenyewe, ya ngoma na taarabu, ya wanawake wanaojitafutia riziki bila idhini ya mume.

Hapa ndipo ulinganishi na Utengano unapozaa matunda. Mama Jeni naye ni mwenyeji. Naye anampa mgeni paa na chakula. Tofauti imo katika malipo. Methali nyingine inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe analompa Mama Jeni mgeni wake ni mwili wa mgeni mwenyewe. Jembe la Ng'ambo ni la namna nyingine: kupitia mapenzi yake na Denge, aliyesoma Urusi akarudi kuupinga ukoloni, Yasmin anavutwa ndani ya harakati zinazoandamwa na polisi. Ni jembe zito, na lina hatari zake, lakini analishika pamoja na wenyeji. Tukiendelea kuulaumu "mji" kwa yaliyompata Maimuna, tunamsamehe Mama Jeni pasipo kukusudia, na tunamsahau Mwajuma.

Historia nayo inaunga mkono usomaji huu. Siti binti Saad, mfinyanzi wa Fumba mwenye wazazi waliokuwa watumwa, alihamia mjini mwaka 1911. Hakuja na sauti iliyokwisha kufunzwa. Aliipata baada ya kupokelewa na wanamuziki waliomfundisha, na mwaka 1928 sauti hiyo ikarekodiwa Bombay. Nyumba yake ya Ng'ambo nayo ikawa mahali pa kuwapokea wengine. Mgeni alikuwa amegeuka mwenyeji, na huo, kwa maoni yetu, ndio ukamilifu wa kuhamia.

Kwa kipimo hicho, riwaya ya Shafi ina upungufu ambao hatuna budi kuutaja. Yasmin hafikii daraja la Siti. Hatimaye anaolewa na Bukheti, na utulivu wake unafungwa ndani ya ndoa nyingine, hata kama hii ni ya hiari. Mwajuma naye tunamjua zaidi kwa yale anayomtendea Yasmin. Ni nani aliyempokea yeye, na kwa jembe gani, ni maswali ambayo msimulizi hayapi uzito. Riwaya imemtukuza mwenyeji, lakini jicho lake halibanduki kwa mgeni.

Hata hivyo, upungufu huo ni wetu pia. Kila mwaka madarasa yetu hupokea vijana waliotoka kwao kwa mara ya kwanza, wengine baada ya msiba, wengine baada ya ndoa kuvunjika. Tunawafundisha kwamba mji utawaharibu, nao wanaiandika sentensi hiyo huku wamekaa mjini. Pengine ingefaa tuwaulize kwanza ni nani aliyewafungulia mlango, na anadai nini.