Kukonda hakukingi sukari: tusome vizuri habari ya mapafu

Kuna neno moja tunalirudilia sana siku hizi: eti mapafu yenye haina nguvu njo inaleta ugonjwa wa sukari, hata kwa mtu mwembamba. Mimi minaona tunalimeza mbio sana.

Uchunguzi wa ARIC, uliotolewa Marekani mwaka 2005, ulifuata watu waliokuwa na miaka 45 mpaka 64. Wale wenye walipuliza hewa kidogo ndani ya spirometa, njo walipata sukari zaidi kisha, hata baada ya kuhesabu unene na sigara. Kazi nzuri. Lakini kuhesabu unene haiko sawa na kuchunguza watu wembamba peke yao. Hesabu inaondoa kilo kwenye karatasi tu.

Tena, kutangulia si kuleta. Mtoto aliyekosa chakula tangu tumboni mwa mama anaweza kukomaa na mapafu madogo, na pia kongosho yenye haitoi insulini ya kutosha. Mzizi moja, matawi mawili. Tukishitaki mapafu peke yake, tunaachilia njaa. Na njaa iko na historia hapa: OMS iliandika sukari ya utapiamlo kama aina yake mwaka 1985, ikaifuta 1999. Mwaka 2025 shirikisho la kimataifa la kisukari likairudisha, kwa jina la aina ya 5.

Juu ya nini ninagombana na maneno? Juu huku kwetu mtu akikonda na kukohoa, tunawaza kifua kikuu, wengine wanasema amepewa sumu. Tunamupima makohozi, damu ya sukari hapana, sababu «sukari ni ya bakubwa banene». Kumbe sukari yenyewe inafungulia kifua kikuu mlango, na tangu 2011 OMS inaomba kila mgonjwa wa kifua kikuu apimwe sukari.

Kwa hiyo musingoje spirometa ifike kwenye kituo cha afya. Tone moja la damu kwenye kidole linatosha kuanza. Mwembamba mwenye kunywa maji sana na kuamuka usiku kukojoa, apimwe.

Banganga wenye muko humu: kwenu, mwembamba anapimwa sukari, ao anarudishwa nyumbani?