"Hii Haiko Ugonjwa ya Hospitali"

Kuna neno moja ambalo kila mtu wa Mabalako amelisikia, toka Mangina hadi ndani kabisa kwenye mashamba ya kakao. Mtu anaanza kusema peke yake usiku. Anavua nguo njiani. Anakataa kula kwa sababu anasikia sauti zinazomkataza. Jamaa wanakusanyika, na kabla ya mtu yeyote kumwuliza mgonjwa kama analala ama halali, mmoja wa wakubwa anatikisa kichwa na kusema: "Hii haiko ugonjwa ya hospitali." Basi, mambo yamekwisha. Kesho yake mgonjwa anapelekwa kwenye chumba cha maombi, ama kwa mganga wa kienyeji, na njia ya kituo cha afya inasahauliwa.

Katika vijitabu kama hiki tumezoea kusifu mila zetu. Ni haki, kwani zilitukanwa muda mrefu. Lakini mila isiyohakikiwa inaoza kama mihogo iliyosahauliwa majini. Kwa hiyo naomba tuliweke neno hili katikati ya kyaghanda, tulizunguke, tulitazame mbele na nyuma. Mimi naona lina ukweli ndani yake, na lina uongo pia. Uongo huo unagharimu maisha ya watu.

Neno hili lilitoka wapi

Wazee wetu Wanande waliyagawanya magonjwa. Kuna ugonjwa "ya Mungu", unaokuja wenyewe kama mvua. Na kuna ugonjwa "ya kutupiwa", ambao nyuma yake kuna mtu mwenye chuki, ama roho, ama deni la ukoo ambalo halikulipwa. Aliyeitwa kuchunguza ni mukumu. Yeye hakuanza na dawa. Alianza na maswali. Nani amegombana na nani? Shamba la nani limechukuliwa? Ni marehemu gani ambaye hakuliliwa vizuri? Wazee walijua kwamba kichwa cha mtu hakiugui peke yake, kwamba kinaugua pamoja na nyumba yake. Huo ndio ukweli ulio ndani ya neno hili, na dunia ya madaktari ilichelewa kuufikia.

Lakini tusidanganyane. Mara nyingi maswali yale yaliishia kwa bibi kizee mjane, asiye na mtoto wa kumtetea, akaitwa mlozi. Aliyepigwa ama kufukuzwa kijijini hakuwa na kosa lolote. Anayetaka kurudisha mila yote kama ilivyokuwa, arudishe na machozi ya bibi yule.

Hata hivyo, tazameni tofauti. Kwa wazee, kusema "si ugonjwa ya hospitali" kulikuwa mwanzo wa kuuliza. Leo ni mwisho wa kuuliza. Tumeshika jibu lao, tukayaacha maswali yao. Hiyo ndiyo lawama yangu ya kwanza, na inatuangukia sisi wenye kujiita walinzi wa mila.

Chumba cha maombi

Sikatai maombi. Mimi pia ninaomba. Na inafaa kusema wazi kwa nini watu wanakimbilia vyumba vya maombi. Kule mgonjwa anapokelewa hata usiku wa manane. Haulizwi fishi. Anaitwa kwa jina lake, watu wanaimba wakimzunguka, na mama yake anapata wenzake wa kulia nao. Hospitali ngapi zinampa mama huyo hata kiti?

Shida inaanza mahali pengine. Mgonjwa aliyekuwa anameza vidonge anaambiwa aviache ili aonyeshe imani. Mtu aliyekonda anafungishwa siku kavu, bila maji. Na akisumbua, anafungwa kamba ama mnyororo kwenye mti. Fikirini neno lenyewe: anapelekwa kwa maombi ya kufunguliwa, kumbe anafungwa!

Wapendwa wachungaji, someni tena habari ya yule mtu wa makaburini, katika Injili ya Marko sura ya 5. Waliomfunga pingu na minyororo ni watu wa mji. Yesu hakumfunga. Alimwuliza jina lake. Na mwisho wa habari mtu yule ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, na anatumwa kurudi nyumbani kwao. Mwenye kufunga mgonjwa kwa mnyororo anawafuata watu wa mji ule, hamfuati Yesu.

Kuna mfano mwingine karibu nasi. Kule Ituri, upande wa Mahagi, kifafa kilikuwa kingi kwenye vijiji vilivyo karibu na mito yenye maji ya kasi. Watu walisema ni laana, ni mapepo. Watafiti walipochunguza miaka hii ya karibuni, waliona kwamba mahali penye ugonjwa wa upofu wa mto, ule unaoletwa na vinzi weusi, ndipo penye kifafa kingi. Basi kumeza dawa ya ivermectin kila mwaka kunasaidia kuwakinga watoto. Na aliyekwisha kupata kifafa ana vidonge vya kila siku vinavyoweza kupunguza kuanguka kwake. Ni watoto wangapi walikemewa miaka na miaka, wakaangukia motoni ama majini, na kumbe adui alikuwa nzi wa mtoni?

Hospitali nayo

Sasa ninyi waganga na wauguzi msicheke. Lawama ya pili ni yenu. Mgonjwa anafika kwenye kituo. Anaulizwa kama anakula, kama anaenda choo, kama alishapata malaria. Akithubutu kusema, "Dokta, mimi nimetupiwa," muuguzi anacheka, ama anaandika kitu kwenye karatasi bila kuinua macho. Siku nyingine mgonjwa hasemi tena. Anapokea vidonge, anafika nyumbani, anavitupa, kwa sababu kitu anachokiogopa hakuna aliyekigusa. Hapo jamaa wanapata ushuhuda wao: "Tulisema! Hii haiko ugonjwa ya hospitali."

Chama cha dunia cha madaktari wa akili, WPA, kilitoa msimamo wake juu ya jambo hili mwaka 2016. Kilisema kwamba daktari, awe mwenye dini ama asiwe nayo, inafaa azingatie imani ya mgonjwa wake anapompima na kumtunza, aiheshimu, na asitumie kazi yake kumvuta mgonjwa kwenye dini yake mwenyewe. Afrika ilikuwa imetangulia. Mwaka 1954, kule Abeokuta nchini Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo alianza kuwaweka wagonjwa wa akili katika vijiji vilivyozunguka hospitali ya Aro, wakikaa na jamaa zao, wakila chakula cha kwao, wakipata dawa za hospitali. Waganga wa kienyeji aliwaita wafanye kazi pamoja naye. Hakuwa mshirikina. Alikuwa daktari aliyesoma Uingereza.

Kuna na majaribio ya karibuni. Katika kambi moja ya maombi nchini Ghana, madaktari walipeleka dawa kwa wagonjwa palepale walipokuwa wakiombewa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2018: waliopata dawa pamoja na maombi walipata nafuu kuliko waliopata maombi peke yake. Lakini siku za kukaa kwenye minyororo hazikupungua. Mwaka 2020 yakatoka matokeo ya jaribio lingine, la Nigeria na Ghana, ambapo wauguzi wa vituo vya afya walishirikiana na waganga wa kienyeji na wa kanisa kutunza wagonjwa wenye kuchanganyikiwa sana. Baada ya miezi sita, wagonjwa wa ushirikiano ule walikuwa na hali nzuri kuliko wengine. Tunajifunza mambo mawili. Dawa na maombi vinaweza kukaa nyumba moja bila kugombana. Lakini mnyororo hauanguki wenyewe kwa sababu dawa imefika. Lazima mtu auondoe kwa mkono wake.

Hatuna haja ya kwenda mbali, hata sisi tuna mifano. Oicha, hapa kwetu territoire ya Beni, tangu miaka ya 1930 daktari mmisionari Carl Becker alitunza maelfu ya wakoma, watu waliohesabiwa kuwa wamelaaniwa. Aliomba nao, akawapa dawa. Na Goma kuna kituo cha wagonjwa wa akili kinachoitwa Tulizo Letu, kilichoanzishwa na mabruda wa shirika la Frères de la Charité. Shirika hilo lilizaliwa Ubelgiji mwaka 1807. Mwaka 1815 mabruda wale waliingia kwenye handaki la ngome moja mjini Gent, wakawatoa wendawazimu waliokuwa wamefungwa minyororo humo. Walikuwa watu wa sala, na kazi yao ya kwanza kwa wagonjwa wa akili ilikuwa kufungua.

Mtihani wa Ebola

Yote haya tuliyaona kwa macho yetu. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola iko kwetu, na jina la Mangina likasikika dunia nzima. Ugonjwa ulidumu hadi tarehe 25 Juni 2020, katika Kivu Kaskazini, Ituri na kipande kidogo cha Kivu Kusini. Watu 3,470 walihesabiwa kuwa waliupata, na 2,287 kati yao walikufa. Na hiyo ilituangukia tukiwa tayari na majeraha, kwani toka Oktoba 2014 watu wa Beni walikuwa wakichinjwa usiku.

Mwili wa marehemu wa Ebola ulikuwa hatari kuliko yote. Haukuoshwa na jamaa, haukuguswa. Watu waliovaa nguo nyeupe toka kichwa hadi mguu walikuja, wakauweka kwenye mfuko, wakaenda kuzika. Kwa sayansi walikuwa na haki. Lakini mwanzoni wengi walisahau kwamba kwetu mtu asiyeagwa hajaenda. Mawe yakarushwa. Maneno yakazidi kwamba Ebola ni siasa, hasa pale uchaguzi wa Desemba 2018 ulipoahirishwa Beni na Butembo. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko wa shirika la afya la dunia aliuawa Butembo, ndani ya hospitali. Chuki ile haikuwa na sababu moja, na hakuna sababu inayoweza kuihalalisha. Lakini maziko yalikuwa mojawapo ya majeraha.

Mambo yalianza kupoa pale milango ilipofunguliwa kidogo. Beni kukaletwa vyumba vya plastiki inayoonyesha, ili jamaa wamwone mgonjwa wao, waseme naye, waombe naye. Kwenye maziko jamaa wakapewa nafasi ya kusimama kwa mbali na kusali. Akina mama waliopona Ebola walibeba watoto wa wagonjwa mikononi, kwa sababu wao walikuwa na kinga. Huko imani haikuwa adui wa dawa, bali ilikuwa mlango wa dawa kupitia.

Leo timu zile zimerudi kwao. Sisi tumebaki na kilio ambacho hakikumalizika. Kuna mtu anayeota kila usiku mama yake akiomba maji ndani ya mfuko. Chumba cha maombi kinamwambia: "Roho ya marehemu inakufuata, tuikemee." Kituo cha afya kinamwambia: "Ni kukosa usingizi tu, meza hii." Hakuna anayemwambia: "Haukumlilia mama yako. Keti, tumlilie."

Tufanye nini

Sipendekezi mambo makubwa. Muuguzi aongeze maswali mawili kwenye fishi yake: wewe mwenyewe unaona ugonjwa huu ulitoka wapi, na unapoogopa unamwegemea nani? Mchungaji ajue dalili za hatari: mtu asiyelala siku nyingi, asiyekula, anayetaka kujiua, anayeanguka kifafa. Huyo ampeleke kituoni siku ileile, na amsindikize kwa maombi yake. Mnyororo ukatazwe katika kila kanisa, si kwa barua tu, bali wazee wa kanisa waende kuangalia nyuma ya nyumba. Na sisi wa ushirika wa mila tukae na makanisa yote, Wakatoliki, Wabatisti, Waadventisti na wengine, pamoja na Waislamu na watu wa afya, tupange siku ya kumaliza kilio cha wale waliozikwa bila kuagwa. Majina yao yasomwe kwa sauti, moja moja.

Na siku mkubwa wa jamaa atakapotikisa kichwa na kuanza kusema neno lile, natumaini kijana mmoja atapata ujasiri wa kumkatiza kwa heshima: "Baba mukubwa, utusamehe. Tumuulize kwanza yeye mwenyewe."