Majina ya Mungu na Neno "Kupita"

Mwandishi wa kitabu kiitwacho Majina ya Mungu alijificha nyuma ya jina la mtu mwingine. Alijiita Dionisio, yule Mwathene aliyeongoka kwa mahubiri ya Paulo huko Areopago, hali aliandika Kiyunani chake yapata mwaka 500 baada ya Kristo. Aliaminiwa karne nyingi. Hata Tomaso wa Akwino alikiandikia kitabu hicho ufafanuzi. Mwaka 1895 wataalamu wawili, Koch na Stiglmayr, walionyesha, kila mmoja kivyake, kuwa alichota kwa Proclus, mwanafalsafa aliyefariki mwaka 485. Sisi hatuoni kuwa ugunduzi huo umeyapunguzia maandishi uzito wake.

Kitabu kina sura 13. Humo Mungu aitwa Mwema, Uhai, Hekima, na pia jua, moto na mwamba, kama yasemavyo Maandiko. Kisha kipo kijitabu chake cha Teolojia ya Fumbo, sura 5 fupi, ambamo majina yavuliwa moja moja: Mungu si mwili, wala si uhai, wala si wema. Apandaye juu, asema, maneno humpungukia, na kileleni hunyamaza.

Hapa ndipo penye mtego kwetu walimu. Tukisema darasani "Mungu si mwema", mwanafunzi asikia "Mungu ni mbaya", wala hatuwezi kumlaumu, kwani katika mazungumzo yetu "fulani si mwema" ni shutuma. Dionisio mwenyewe aonya kwamba kukanusha kwake si kinyume cha kukiri. Tena Kiyunani kilimpa kiambishi "hyper", yaani juu ya, kupita. Wengi watakimbilia "mwema kupita wote". Twasema halifai. Humweka Mungu katika safu ya walio wema, akiwa wa kwanza. Na mwanafunzi aliyeshika namba moja bado yumo darasani! Kinachopitwa kwa Dionisio si watu wema, bali ni wema wenyewe. "Apitaye wema" nako kwaweza kusikika kama apitaye kando bila kuugusa. Sisi twapendelea "auzidiye wema wenyewe": kiambishi "u" chaonyesha waziwazi ni nini kinachozidiwa.

Kasoro ya mwandishi tusiifiche. Hurundika "hyper" juu ya "hyper" hata msomaji achoke, na mfasiri atakayeifuata kila moja kwa "kuzidi" atatuachia Kiswahili kisichosomeka.