Kitenzi Kisichomgusa Mgonjwa

Neno la Kiingereza remedy lina asili ya Kilatini, remedium, na mzizi wake ndio uliozaa medicus, yaani tabibu. Ukilikuta mara ya kwanza utadhani ni la zahanati tu. Sarufi yake inakataa.

Litazame likiwa kitenzi. Mwingereza anaweza kutumia cure kwa mgonjwa mwenyewe. Remedy hawezi: yambwa yake ni kosa, upungufu, hitilafu, dhuluma, wala si mtu. Kiswahili hakina mpaka huo. Daktari humtibu mtoto na huitibu malaria kwa kitenzi kilekile. Neno lililozaliwa kwa tabibu, basi, limemwacha mgonjwa na kubaki na kilichoharibika, na naamini hapo ndipo lilipopata miguu ya kwenda mahakamani.

Huko hata kihusishi kinageuka. Dawa ya kikohozi ni remedy for. Mdai ana remedy against, na sasa mbele yake yupo mtu wa kujibu. Matthew Ashby wa Aylesbury, Uingereza, alinyimwa kura yake, na wagombea aliowataka wakashinda hata hivyo. Alipoteza nini? Majaji wengi waliona hana la kudai. Jaji Mkuu John Holt akapingana nao: ni kazi bure kufikiria haki isiyo na remedy. Mwaka 1704 Baraza la Malodi likampa Ashby ushindi. Hakuna jeraha lililoonekana katika kesi ile, ila neno la tiba lilihitajika kuliko lingine lolote.

Maana inayonishangaza zaidi iko kwenye sarafu. Katika kiwanda cha kufua fedha cha Uingereza, remedy ni kiasi ambacho sarafu inaruhusiwa kupungua au kuzidi uzito wake wa kisheria bila kukataliwa. Neno la kusahihisha kasoro limekuwa jina la kasoro inayovumiliwa! Sioni mgongano. Remedy haikuahidi ukamilifu tangu mwanzo.

Ndiyo maana siridhiki na wafasiri wanaoandika “suluhisho” kila wanapoliona. Suluhisho linafunga jambo. Mimi ningechagua nafuu. Mgonjwa aliyepata nafuu hajapona: homa imeshuka, amekunywa uji, ameomba kukalishwa. Na mdai wa Tanzania huifunga hati yake kwa nafuu anazoiomba mahakama. Neno moja limekaa kitandani na mbele ya hakimu, kama lile la Kiingereza, na wote wawili wanaoiomba nafuu hawaombi kurudishiwa vyote. Aliyefyekewa migomba hapewi mkungu uleule. Anapewa fidia, apande upya.

Upungufu wake ni mmoja, nao unaniuma kila ninapotafsiri mkataba. Nafuu haina kitenzi cha kusahihishia. Inapatikana, inaombwa, inatolewa, basi. Ndugu yake wa mzizi mmoja wa Kiarabu, nufaika, alikwishahamia upande wa faida. Kwa hiyo kifungu kinapomtaka mhusika a-remedy uvunjaji wa mkataba ndani ya siku kumi na nne, naandika “arekebishe”. Sheria inabaki sawa, lakini harufu ya dawa imetoka kwenye sentensi.